Mkate Usio na Chumvi wa Bibi Ersilia

Mheshimiwa Meya, Baba Padri Fulgenzio, ndugu wageni waalikwa, nanyi majirani mliofuata harufu ya nguruwe wa kuchoma, ambao naona ndio wengi: nawasalimu nyote.

Tumekusanyika kumuaga Bibi Ersilia Bartoccini, ambaye leo, baada ya miaka arobaini na sita ya kutuokea mkate, amezima tanuri lake. Nani kati yetu hajawahi kufukuzwa dukani mwake kwa kubonyezabonyeza mkate asioununua? Baba Padri, usiangalie chini, nawe umo.

Mimi nilikuja hapa Umbria kutoka Puglia, fundi kijana wa kusafisha michoro ya ukutani, na huu mkate wenu usiotiwa chumvi niliuona ni adhabu. Nikawa naagiza wa kwetu. Siku ya kwanza kanisani nikapanda jukwaani, nikafinyanga ule ulaini wa ndani ya mkate kuwa donge, tayari kumfuta Bikira Maria masizi ya mishumaa shavuni, kama ufundi wetu ulivyo. Mara nikasikia sauti ya Bibi Ersilia chini:

"Wee Cosimo! Mkate wa nani huo?"

"Wa mama, bibi."

"Una chumvi?"

"Kidogo tu."

"Basi kampake mama yako! Chumvi ikiingia ukutani, mwakani rangi yote imebanduka. Shuka, mwehu wewe!"

Nikashuka, na cheti changu cha ufundi mfukoni. Tangu siku ile kila uso mnaouona kanisani umesafishwa kwa mkate wake, na mabaki nimeyala mimi, hadi nikaupenda.

Sasa je? Ukuta wa kushoto kanisani bado ni mweusi, wajukuu wake wako Milano, na sisi tutakula nini? Wanne wameliomba tanuri, wote amewatimua, mmoja kwa kosa la kupiga mluzi.

Ndugu zangu, wa tano ni mimi. Miezi mitatu nimekanda unga kwa siri jikoni kwangu, nimeunguza, nimelia. Bibi, nakuomba mbele ya watu wote hawa: niachie tanuri. Nitaumia sana kuuona mlango ule umefungwa.

Unasemaje, bibi? Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Anasema nifike kesho saa kumi alfajiri, na huu mdomo niuache nyumbani.

Mheshimiwa Meya, wageni waalikwa, nilikuwa nimeandika kurasa nne zaidi. Asanteni kwa kunivumilia. Divai yangu kunyweni nyinyi, mimi nakwenda kulala.