Historia ya Adelgunda Mwesiga, Aliyekataa Sherehe ya Ukumbini

Mwalimu Adelgunda Mwesiga alifariki dunia Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Nkwenda, siku mbili kabla ya maadhimisho ya miaka kumi ya kituo cha ufundishaji na ujifunzaji alichokianzisha chuo kikuu.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 katika kata ya Kamuli, mtoto wa pili wa Mzee Yustus Mwesiga na Mama Joanitha, wakulima wa migomba na kahawa, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari Bukoba, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1990 akarudi Kamuli kufundisha darasa la kwanza, kazi ambayo hakuwahi kuiona kuwa ndogo.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Ndugu Eliud Projestus katika kanisa la Kilutheri, Bugene, wakajaliwa watoto wawili, Agnetha na Theoneste.

Baada ya shahada mbili za elimu, alizozisoma akiwa mzazi, aliajiriwa na chuo kikuu tawi la Bugene, na Septemba 2014 akafungua kituo cha kuwafunza wahadhiri namna ya kufundisha, huku baadhi yao wakiuliza hadharani mwalimu wa a-e-i-o-u atawafundisha nini, naye akasema ataanza na aliyetangulia kuuliza, akamwita mbele siku hiyo hiyo.

Mwaka huu uongozi ulipopendekeza keki na wageni waalikwa ukumbini, alikataa kikaoni, akasema wazazi wanaosomesha hawajawahi kuona kinachofundishwa, hivyo wahadhiri watafundisha sokoni Nkwenda, mbele ya kila mtu, na muuza ndizi asipoelewa, mhadhiri atarudia.

Kansa ya kongosho iligundulika Mwanza tarehe 5 Februari 2024, madaktari wakamshauri apumzike, naye akaendelea kuitisha vikao akiwa kitandani, na wiki yake ya mwisho akaagiza mbele ya mume wake na kaka yake kwamba akifa kabla ya Jumamosi, sherehe isiahirishwe.

Kwa desturi yetu, marehemu akiwa ndani, jembe haligusi ardhi na shughuli nyingine husimama, hivyo Ijumaa kaka yake, Mzee Cleophace, aliuliza mbele ya waombolezaji, "Shemeji, dada yangu hajazikwa, wewe unapeleka watu sokoni?" Eliud akamjibu, "Ingia ndani ukamkataze mwenyewe, mimi miaka thelathini nimeshindwa." Watu walicheka, Mzee Cleophace hakucheka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Karagwe, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa chuo, wakiwemo waliompinga, kwa kuwa nao walikuja.

Juzi Jumamosi, saa tatu asubuhi, viti hivi vya msiba mnavyokalia sasa vilipelekwa sokoni kwa pikapu, Mzee Cleophace akiwa amekaa pembeni ya dereva, bila kueleza kwa nini amebadili msimamo, na somo la kwanza, la mnyauko wa migomba, lilirudiwa mara mbili kwa sababu yeye alisema hajaelewa.

Pumzika kwa amani, Adelgunda. Masomo yote yalifundishwa, na viti vilirudi saa nane mchana.