Kipimo Alichokiita cha Uongo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko dukani, na wewe uliyejilaza na redio kifuani, karibuni. Leo tunamkumbuka Shangazi Jaribu, mwandishi wa blogu. Aliandika kuhusu simu. Aliandika kuhusu siasa. Aliandika kuhusu vitu tunavyonunua kila siku. Nitamsifu, maana anastahili. Lakini leo nina onyo pia, na kila mwenye watoto anisikilize mpaka mwisho.

Jina hilo la Shangazi Jaribu alipewa na wasomaji wake. Riziki yake ilikuwa kwenye duka la kutoa nakala. Mashine ikichelewa kupata joto, yeye anaandika kwenye simu, amesimama, miwani imemshuka puani.

Na alikuwa na utaratibu wake. Hakupokea kitu cha bure. Alinunua, akatumia kwa miezi, ndipo akaandika. Nasema tena: alitumia kwa miezi, ndipo akaandika. Pasi moja aliinyooshea nguo za ukoo mzima, mpaka mashemeji wakawa wanapendeza kuliko bwana harusi.

Mpimaji mkuu alikuwa mama yake mzazi. Kitu kipya kinawekwa mezani. “Mama, washa.” Mama akishindwa, kitu kimefeli. Siku moja mama akasukuma birika la umeme pembeni. “Mwanangu, birika linalotaka lisomewe kitabu ndipo lichemke, mrudishie mwenyewe.” Maneno hayo yaliingia kwenye blogu kama yalivyo.

Wanasiasa nao aliwapima vilevile. Mgombea mmoja aliahidi maji, Shangazi akaandika: “Ahadi: bomba kila nyumba. Dhamana: hakuna. Chaji: inaisha siku ya pili baada ya kura.” Mpambe wa mgombea akamfuata mpaka dukani.

“Wewe dada, unatupima sisi kama pasi?”

“Pasi ina afadhali, kaka. Ikiungua inatoa moshi. Nakala ngapi?”

Wateja wakacheka, na mpambe akajikuta anacheka.

Lakini nilichompendea zaidi ni hiki. Akikosea, alisema. Aliandika juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nyekundu: “Nilikosea. Msinifuate.” Juu kabisa, si chini kwenye kona.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuingie kwenye jambo lenyewe.

Wasomaji walimwomba ajaribu kipima presha, zile mashine ndogo za kujifunga mkononi nyumbani. Akanunua. Asubuhi ya Jumamosi, mezani, akampima mama. Sawa. Akampima mdogo wake, fundi wa pikipiki. Sawa. Akajifunga mwenyewe. Juu sana. Akarudia. Juu vilevile.

Mdogo wake ameniambia, “Dada alicheka. Akasema, mashine gani hii inayomchukia mwenye nyumba?”

Mama hakucheka. “Nenda hospitali, mwanangu. Hicho kichwa unacholalamikia kila siku si bure.”

“Mama, ningekuwa mgonjwa ningejua. Mimi si ndiye ninayebeba maboksi ya karatasi?”

Mchana huohuo akaandika. Akaweka mpaka zile namba zake, watu wazione. “Usinunue. Kinatisha watu bure.”

Mnaona, jamani? Pasi aliipa miezi. Kipimo cha uhai wake alikipa asubuhi moja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Yeye hakuyaficha. Aliyatangaza kwa watu wote, akasema ni uongo.

Haikufika hata mwezi. Alianguka kazini, akainamia mashine ya nakala. Mteja alidhani anaokota karatasi. Mashine ikaendelea kutoa kurasa, moja baada ya nyingine, hakuna wa kuzipokea. Hospitali walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Hakuamka.

Baada ya mazishi, mdogo wake alikibeba kile kipimo mpaka zahanati. Nesi akampima kwa mashine yao, kisha kwa hiyo, akalinganisha namba. Sawasawa. Akapimwa mgonjwa mwenye presha ya juu. Sawasawa. Kipimo hakikuwa na kosa lolote.

Akarudi nacho nyumbani, akakiweka mezani palepale. Mama akakitazama.

“Kizima?”

“Kizima, mama.”

“Basi andika.”

“Mama, tumwaibishe dada? Amezikwa juzi tu.”

“Aibu ni kuyaacha yale maneno yake ya kwanza pale. Kuna mtoto wa mwenzangu anayasoma sasa hivi, na kichwa kinamuuma. Dada yako akikosea alikuwa anaandika wapi?”

“Juu kabisa.”

“Kwa rangi gani?”

“Nyekundu.”

“Haya. Sema hivi: kipimo kilikuwa kizima. Mgonjwa alikuwa mwanangu.”

Maneno hayo yako pale mpaka leo, juu kabisa, mekundu. Na chini yake wasomaji wanaandika. Mmoja amesema alikuwa amekitupa chake kabatini kwa sababu ya Shangazi. Amekitoa. Amepima. Ameanza dawa. Mama anasomewa ujumbe huo na mwanawe, na ukiisha anaomba usomwe tena.

Kwa mama huyo, kwa fundi wetu, kwa wenzake Shangazi wa duka la nakala, poleni sana. Mlitupatia mtu mkweli, na alipokosea, mkamsaidia kubaki mkweli. Mungu amlaze pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hasa ninyi wanangu mnaojiona wazima kwa sababu mnabeba maboksi: kipimo kikisema usilopenda, usikigombeze. Nenda ukapimwe mahali pengine. Na sisi wazazi, hebu tugeuke sasa hivi, tumuulize aliye karibu: “Umepimwa lini?” Akicheka, usicheke naye. Muulize tena.