Vyungu vya Tabu Vilivyokanyagwa Kumpisha Mgeni

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, na nyie majirani zetu: karibuni Gongo la Mboto. Sisi ni Kikundi cha Majiko Sanifu Tupendane, watu kumi na mmoja. Tumeambiwa umekuja kutufundisha kupunguza mkaa, ili moshi wetu usizidi kuipasha dunia joto. Ahsante. Ila kabla hujatufundisha, sikiliza yaliyompata mwenzetu Tabu, yule pale aliyefungwa kitambaa mkononi.

TULIKOTOKA

Tabu Kondo alikuwa akipika maandazi. Mwaka 1989 gunia la mkaa lilimwishia kwa wiki moja, na wauza mkaa wakawa wanaufuata mbali zaidi kila mwaka. Akaona haya kula msitu. Akachota udongo mweupe wa Pugu, akafinyanga chungu cha kutia ndani ya jiko la bati ili joto lisipotee. Cha kwanza kikapasuka. Cha pili kikapasuka. Cha tisa kikatunza moto, na gunia likafika wiki mbili.

Majirani wakamjia: "Shoga, nifanyie na mie." Ndipo tukaungana. Leo majiko yetu yamefika Tegeta na Mwananyamala, na hakuna aliyetuitia semina.

YALIYOTUPATA

Jumanne iliyopita Tabu alikuwa akianika vyungu arobaini. Likaja gari la mgambo.

"Mama, ondoa takataka hizi. Barabara inasafishwa, anakuja mgeni wa mazingira."

"Mwanangu, hayo mazingira yenyewe ndiyo haya."

"Mie nimetumwa kusafisha, sikutumwa kuchagua."

Wakavikanyaga kwa buti, kimoja kimoja. Banda lake la bati wakaling'oa. Tabu alipokimbilia kukinga vilivyobaki, bati likamchana kiganja. Siku ile hakulia. Alilia Jumatano, wateja walipokuta hakuna majiko wakaenda dukani kununua yale ya bati tupu, yanayokula mkaa maradufu.

TUNALOULIZA

Mgeni rasmi, hasira hatuzifichi. Magari saba ya msafara wako yananguruma pale nje tangu tuanze kusoma, madereva wamelala kwenye viyoyozi. Tabu amekuja kwa miguu. Kati yenu na yeye, nani wa kufundishwa kupunguza moshi?

MAOMBI

Tupewe eneo letu kwa maandishi, lenye mhuri, asije mwingine akatumwa kusafisha. Vyungu arobaini vilipwe. Na injini zile zizimwe, sasa hivi, kabla hatujakaa.

Mwisho, tuliagizwa tukuandalie jiko la zawadi, lililopakwa rangi. Limesalimika moja tu. Asubuhi tulimletea Tabu rangi, akaisukuma kando. "Mgeni anapikia umeme," akasema, akalibeba akampelekea Auleria, mama ntilie wa stendi, ambaye mpaka tunavyosoma hapa ameshaivisha wali wa watu hamsini. Kwa hiyo zawadi yako hatuna.

Mungu akujalie safari njema, na masikio.

Imesomwa na Marselino Didas, kwa niaba ya Kikundi cha Majiko Sanifu Tupendane, Gongo la Mboto, Juni 1993.