Kitufe Namba Saba: Historia ya Fundi Radi

Ndugu waombolezaji, familia imemchagua kaka mkubwa wa marehemu aisome historia hii, naye ameziandika tarehe kama zilivyo kwenye vyeti, na yale yasiyo na cheti ameyaandika kama anavyoyajua, kwa kuwa mengine yanamhusu yeye mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba wa baba aliyekuwa karani wa posta na mama aliyekuwa mkunga, na kwa kuwa mkunga hawezi kujizalisha, mama alizalishwa na mwenzake wa zamu, ambaye alitoka chumbani ameziba sikio moja na kutangaza kwamba humo ndani kumepiga radi. Jina likaganda hapo hapo, na lile la ubatizo likabaki kwenye makaratasi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, ambako alifukuzwa kwenye kwaya mara mbili, mara zote kwa kosa la kuwafunika wenzake, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu Novemba 1987 katika fani ya majokofu. Huko chuoni ndiko alikotengeneza gitaa lake la kwanza la umeme, kwa mlango wa kabati na sumaku za spika mbovu, na mlezi wa bweni alipolishika lilimpiga shoti, hivyo likahamishiwa stoo.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa hospitalini kuwa fundi wa chumba cha baridi, kule zinakohifadhiwa chanjo, akafanya kazi hapo miaka thelathini na mitatu na miezi tisa, na alikuwa na kawaida ya kuweka sikio kwenye mota kabla ya kushika bisibisi, akidai kwamba mota nzima huimba noti moja tu, ikianza kuimba mbili ujue inaumwa. Wenzake walimcheka, kisha wakaanza nao kuweka masikio.

Mwaka 1991, pamoja na dereva wa gari la wagonjwa, mpishi wa hospitali na mwalimu mmoja wa hesabu, alianzisha bendi ya roki ya injili iliyoitwa Mifupa Mikavu, jina lililowatia wazee wa kanisa kiwewe, mpaka alipowafungulia Ezekieli sura ya thelathini na saba na kuwasomea taratibu. Walipiga kwenye viwanja vya mpira, magerezani na kwenye mabwalo ya vyuo, gitaa likikwaruza kama msumeno, na wapo watu wazima walioketi hapa leo waliookoka huku wameziba masikio.

Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1995, alifunga ndoa na mshonaji wa sare za wauguzi, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni fundi umeme, na mwana anayesomea ualimu.

Jumapili, tarehe 1 Februari 2004, baada ya kuomba kwa miaka kumi na miwili, aliruhusiwa kupiga gitaa lake kwenye ibada, waya ukiingia moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti kabla hazijafika kwenye spika, naye akijisikiliza kwa hedifoni. Kwenye mikisa alikaa kaka yake, huyu anayesoma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudishwa kundini baada ya kutengwa miaka miwili kwa ajili ya pombe, na kazi hiyo ilikuwa ishara kwamba anaaminika tena. Kabla ya ibada wazee wawili walimwita pembeni wakamwambia kwamba mdogo wake apige atakavyo, ila kitufe namba saba, kile cha sauti ya gitaa lake, kisipande. Kaka alitii, kwa kuwa aliogopa kurudishwa nje.

Kwa miaka kumi na minane marehemu alipiga kwa moyo wake wote, jasho likimtoka, na kanisa halikumsikia, na kina mama walimsifu kwamba gitaa lake lina adabu siku hizi. Kaka, ambaye dhamira ilimsuta, alirekodi laini hiyo ya saba peke yake, kwanza kwenye kaseti, baadaye kwenye flashi, akaandika tarehe na kufungia kabatini. Hakumwambia mtu.

Mwezi Februari 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaacha kazi na kuanza kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumatano, tarehe 19 Aprili 2023, wakirudi kutoka hospitalini, kaka alisimamisha gari kando ya barabara akamweleza yote. Marehemu alimjibu kwamba alijua tangu Jumapili ya tatu, alipomketisha mkewe chini ya spika kubwa, na mkewe akamwambia ameona vidole tu. Alinyamaza, alisema, kwa sababu angelalamika wazee wangemtoa kaka kwenye mikisa, na kaka hakuwa na kitu kingine cha kumleta kanisani. Kisha akaomba gari liondoke, kwa kuwa njaa ilikuwa inamuuma.

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, wafanyakazi wenzake wa chumba cha baridi, majirani waliovumilia mazoezi ya bendi bila kuita polisi zaidi ya mara moja, Mifupa Mikavu waliobaki, na wazee wa kanisa, akiwemo mmoja wa wale wawili, aliyekuja juzi nyumbani, akasomewa maandishi haya yote, na kusema yasomwe yalivyo.

Mikisa leo iko mikononi mwa binti yake. Flashi iliyochomekwa ni ya Pasaka ya mwaka 2011, na kwa idhini ya wazee kitufe namba saba kimesukumwa hadi mwisho. Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Sasa utasikika.