Sauti Kutoka Stoo ya Magazeti

Tarehe 30 Juni mkutubi wetu mkuu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunyamazisha. Wanafunzi humwita Bi Kimya, naye analijua jina hilo na wala halimkeri. Hakuna ambaye hajakemewa naye katika jengo hili, mkuu wa chuo akiwemo, aliyekutwa siku moja akiongea na simu kwenye ngazi. Mkuu aliomba radhi, akaenda kumalizia maongezi yake uani.

Alianza kazi kama msaidizi, akibandika kwa gundi migongo ya vitabu iliyochanika. Alipopanda cheo na kukabidhiwa orodha ya vitabu vilivyocheleweshwa, aligundua jambo ambalo sisi wengine tulilipita kwa miaka: majina mengi yaliyojirudia yalikuwa ya wanafunzi askari. Hawakuwa wazembe. Waliitwa kazini katikati ya muhula, wakaondoka na vitabu vyetu ndani ya mabegi. Tangu hapo askari anayeitwa huazimishwa kitabu hadi atakaporudi, na aliyeacha jeshi akija kusoma hupewa meza, mtu wa kumwelekeza na muda wote anaouhitaji kujaza fomu zake. Utaratibu huo Bi Kimya aliupigania vikao vinne, na mimi nilikuwa upande wa waliompinga. Nakiri hapa hapa, yaishe.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi kilitokea mwaka ule sajini mmoja, mwanafunzi wa takwimu, alipopelekwa kambi ya mbali. Alikuwa ameshaahirisha mtihani mara mbili; akiukosa mara ya tatu, usajili unafutwa na miaka mitatu ya masomo inapotea. Alihitaji kitabu kimoja tu, tena kinene. Mtandao wa huko ulikuwa dhaifu kiasi kwamba picha za kurasa hazikufunguka kwenye simu yake. Kilichopita ni ujumbe mfupi wa sauti.

Basi Bi Kimya akajifungia kwenye stoo ya magazeti ya zamani, akatundika blanketi mlangoni, akaanza kusoma. Kitabu kizima, dakika mbili mbili. Grafu alizieleza kwa maneno: mstari unapanda kama ngazi yetu ya mbele, halafu unalala. Na kwa kuwa mkutubi haruki kitu, alisoma hata muhuri wa maktaba na onyo la kutokunja kurasa. Mara nyingine, katikati ya kanuni, anasikika akimkemea mtu anayepiga soga koridoni. Tulimcheka hadi machozi.

Halafu mtandao wa kambini ukakatika. Kwa siku ishirini na mbili kila ujumbe wake ulibaki na tiki moja. Kila asubuhi alitazama simu, akaona tiki ile ile, akaingia stoo na kuendelea na sura inayofuata. Nilimwambia aache kujichosha, huenda mtoto wa watu hata simu hana tena. Alinijibu bila kukasirika kwamba mtandao ukirudi siku moja kabla ya mtihani, sajini akute sura zote zimefika, asianze kumsubiri yeye. Nilirudi mezani kwangu nimefyata mkia.

Siku ya ishirini na tatu tiki zikawa mbili mbili, mamia kwa mpigo. Zilibaki siku sita. Sajini alifanyia mtihani kambini, akisimamiwa na kapteni wake, akapata sabini na moja. Habari zilipofika, Bi Kimya alitoka nje ya jengo akapiga ukelele wa furaha uliosikika hadi kwa mhasibu.

Hatukujua kwamba palikuwa na msikilizaji mwingine. Mwaka juzi aliingia askari aliyetoka jeshini kwa majeraha, ana fimbo nyeupe, ameshikwa mkono na dada yake. Bi Kimya alipomkaribisha tu, yule askari alisimama wima, akauliza kama yeye ndiye mama anayesoma. Kumbe wakati ule alikuwa amelazwa zahanati ya kambi, bandeji machoni, ameshaambiwa hataona tena. Sajini alimwazima simu ili asibaki na mawazo. Alisikiliza takwimu zote, hata asizozielewa, na pale kitandani ndipo alipojua kwamba bado anaweza kusoma. Bi Kimya alilia kwa sauti mbele ya wasomaji wote, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Askari huyo sasa amebakiza mwaka mmoja ahitimu. Tangu Januari Bi Kimya amekuwa akikimbizana na tarehe ya kustaafu, amrekodie vitabu vyote vya mwaka huo wa mwisho. Kimoja amekosa muda wa kukirekodi, kurasa mia nne na kumi. Juzi alikiweka mezani kwangu pamoja na ufunguo wa stoo. Nimefika ukurasa wa thelathini na sita. Sauti yangu inakwaruza, na lile blanketi lina vumbi la kutosha.

Bi Kimya, asante kwa yote, na utusamehe tulivyokucheka. Tunakuombea siku ndefu zenye afya tele, na wajukuu wapige kelele watakavyo. Kitabu nitakimaliza.