Bega la Kulia la Ceballos

Kwenye basi letu la kutoka mji wa Colón, mzee mmoja shabiki wa ndondi alimwambia mama aliyeketi naye, "Huyu mpiganaji kijana, Yariel, amezoea mateke na mieleka. Kesho ulingoni ni ngumi tu. Bingwa Ceballos amezeeka, lakini raundi ya tatu kijana atalala chali."

"Atashinda," mama akasema.

"Unajua nini kuhusu ndondi, mama?"

"Sijui kitu. Ni mwanangu."

Mzee akavua kofia.

"Mwambie akiona bega la kulia la Ceballos linashuka, arudi nyuma haraka. Nimemtazama miaka ishirini."

Mama akashusha bega lake. "Hivi?"

"Hivyo hivyo. Lakini atapigwa."

"Atashinda."

Basi likasimama. Mzee akambebea kikapu, wakashuka wakibishana.