Rai Kumbhasen, Aliyekataa Kuwatoa Wageni wa Sirkot

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo, mimi mdogo wake Harjiya nawasomea maisha ya kaka yetu, Rai Kumbhasen, mtawala wa Sirkot, ambaye adui anamwita mfalme wa mwisho, nasi jina hilo hatujaliitikia.

Marehemu alizaliwa humu ngomeni, siku ya tano ya mwezi wa Chaitra, mwaka ule mto Sindhu ulipohama na kuacha mashua katikati ya mashamba ya ngano, akasomeshwa maandiko na kuhani wa hekalu la Jua, ingawa kila alipopata upenyo alitorokea kwa wavuvi kujifunza kupiga kasia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda kivuko cha kusini, kisha baba alipofariki akakalia kiti cha enzi, akamwoa Malhadevi, wakajaliwa binti, Padmila, na mwana, Jaysen, aliyeuawa mwaka jana akiitetea bandari.

Bandari ilipotekwa na jeshi la Waarabu, wakazi wake walikimbilia kwetu, na marehemu akawafungulia lango. Jemadari wa jeshi hilo akatuma mjumbe kwamba akiwatoa wageni hao ataachiwa kiti chake, marehemu akacheka mbele za watu, akasema, "Mwambie bwana wako hawa wameshakula chumvi yangu, ni wanangu, akiwataka, aje kuwaposa!"

Siku ya pili ya mwezi wa Ashadha, jiwe lililorushwa na mtambo wa adui lilimvunja mbavu akiwa ukutani, akalala kitandani kwa maumivu makali, na kuhani alipoanza kumtayarisha shemeji yetu Malhadevi aungue pamoja na maiti ya mumewe, kama ilivyo desturi ya wajane, mgonjwa akafumbua macho.

"Mama Padmila, usinifuate. Ukiungua wewe, lango atalishika nani?"

"Nitalishika mimi. Nawe acha kufoka, utajitonesha."

Akatabasamu, na alfajiri ya jana akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunamshukuru tabibu Chandaka, ambaye hakumwacha mgonjwa hata nyumba yake ilipobomolewa, majirani wa kivukoni walioleta kuni, askari wenzake, na hata wale wa upande wa pili, waliosimamisha mtambo asubuhi hii ili tumchome ndugu yetu kwa heshima. Wanasema jua likitua wanataka jibu letu, kama tutawatoa wageni, basi wainue macho tu, shemeji yupo juu ya lango, amevaa deraya ya mumewe, na wageni wetu wamemweka katikati yao.

Pumzika kwa amani, kaka. Sisi tunapanda ukutani.